Zohali Ndani ya Mikoba

Gharib Masoud hakuwa na mke, maana aliyekuwa naye alichoka kuolewa na simu akaomba talaka yake kwa heshima. Hakuwa na mtoto, wala mjukuu wa kumbebesha jina. Hakuwa na nyumba Unguja, ila kiwanja kimoja Fuoni ambacho jirani alikimega kila masika kwa kuusogeza ua wake. Hakuwa na magego upande wa kushoto. Hakuwa na cheti cha shule yoyote ya mchana. Alichokijua alikipata kwenye masomo ya jioni, Kiingereza kule nyumbani na Kichina huku ugenini, akiwa ameshika kalamu kwa vidole vilivyochoka kufunga maboksi. Hakuwa na rafiki katika mji wa Guangzhou, ingawa alikuwa na wateja wengi na watu wa kuamkiana nao msikitini. Na mwezi huo wa Aprili, kuta zilipokuwa zikitoa jasho kama mtu mwenye homa na nguo zikikataa kukauka, alikuwa akielekea kupoteza kitu kimoja ambacho hata hivyo hakikuwa chake.

Kitu hicho kilikuwa majarida.

Yaliitwa Falaki. Yalichapishwa Dar es Salaam miaka ya sabini, kwenye karatasi duni iliyonyonya wino na kuutapika kwenye vidole vya msomaji. Jalada lilikuwa na rangi mbili tu, nyekundu na buluu, na pale zilipopandana palitokea zambarau ambayo hakuna mtu aliyeikusudia. Ndani mlikuwa na hadithi za vyombo vya angani, za wataalamu waliotengeneza watu kwa chuma, na ile ndefu iliyokuwa ikiendelea kila toleo, ya nahodha aitwaye Mwinyikondo aliyeongoza msafara kwenda sayari ya Zohali akakuta mji ambao watu wake hawana vivuli. Yalitoka matoleo kumi na tisa. Kisha karatasi ikaadimika nchini, jarida likafa bila kuaga, na Mwinyikondo akabaki amesimama kwenye lango la mji ule hadi leo.

Mwenye majarida alikuwa Haroun Shaame, rafiki wa Gharib tangu chuo cha Qurani, walipokuwa wakichapwa kwa ufito mmoja.

Haroun ndiye aliyempeleka Gharib kwenye ukumbi wa televisheni Kikwajuni. Wakati huo Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi kabla ya nchi nyingi zenye majina makubwa, na serikali iliweka seti kwenye kumbi ili kila mtu atazame. Watoto walikaa mbele kwenye mikeka, wazee nyuma kwenye mabenchi. Kulikuwa na mchezo mmoja wa Kizungu, wa watu waliosafiri baina ya nyota ndani ya chombo ambacho kuta zake zilitikisika mtu akifunga mlango kwa nguvu. Hakuna aliyeelewa neno. Basi Haroun, ambaye alikuwa na miaka kumi na minne na Kiingereza cha kutosha kununulia sukari, alisimama kando ya seti akawa anafasiri kwa sauti.

"Anasema mafuta yamekwisha! Anasema huyo mwenye masikio marefu ni mtoto wa shangazi yake, lakini wamegombana kwa ajili ya urithi!"

Ukumbi mzima ulikuwa ukipiga makofi. Wazee walitikisa vichwa na kusema hata huko juu, urithi ni balaa.

Miaka mingi baadaye, akiwa chumbani kwake, mtaa wa Dengfeng, Gharib aliukuta mchezo ule ule kwenye mtandao wa Kichina, una maandishi chini. Aliketi, akavaa miwani, akasoma. Hapakuwa na urithi wala shangazi. Watu wale walikuwa wakizungumza mambo makavu ya vyeo na amri, na yule mwenye masikio marefu hakuwa na ujamaa na mtu yeyote. Gharib alicheka peke yake mpaka akashika mbavu, kisha akazima. Hakurudi kuutazama tena. Alichokuwa akikitamani hakikuwa kwenye kioo.

Siku Gharib alipoondoka Unguja kwenda kujaribu bahati China, Haroun alimletea boksi limefungwa kwa kamba ya katani.

"Hii si zawadi," alimwambia. "Usije ukanidai shukrani. Hii ni amana. Huko utakuwa peke yako, usome. Siku nikiyataka nitakwambia, na wewe utanirudishia."

"Na ukifa kabla ya kuyataka?"

"Nikifa yatarithiwa na mtoto wa shangazi yangu mwenye masikio marefu."

Gharib aliyasoma mpaka akayajua kwa kurasa. Aliyafunga mojamoja kwenye nailoni na kila baada ya majira ya unyevu aliyatandaza kitandani, akawasha feni, akayapepea kama wagonjwa. Wengine walimwona ana wazimu. Yeye alijiona ni mtu wa kuaminika, na kwa kweli hilo ndilo jambo alilojivunia kuliko jingine lolote: kwamba mzigo ukipita mikononi mwa Gharib Masoud, unafika.

Mwezi wa Januari, Ilham, binti wa Haroun, alimpigia simu ya picha.

"Shikamoo, ami Gharib."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako?"

Ilham aligeuza simu. Haroun alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu, uso umemvimba, mikono imemwisha. Moyo wake ulikuwa umechoka kusukuma damu, ndivyo daktari alivyoeleza. Na masikio yalikuwa yamekwisha kuziba tangu mwaka juzi, kiasi kwamba hata kombora lisingemshtua.

"Televisheni sasa ni picha za watu wanaotafuna hewa," Ilham alisema. "Hataki hata kuitazama. Macho tu ndiyo mazima. Juzi ameandika kwenye kibao chake, akanipa nikusomee. Ameandika: Mwambie Gharib nayataka."

Haroun aliinua mkono kitandani, akafanya ishara ya kufungua kurasa.

"Mwambie yanakuja," Gharib alisema. "Mwandikie hivyo. Mwandikie: yanakuja."

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa akili, si kwa uzembe.

Mtu mwingine angeyagawa majarida kwa wasafiri wawili watatu, yakafika kwa ndege. Lakini Gharib alikuwa mtu wa kontena. Alikuwa ametuma makontena tangu wakati ambapo wengi wa hao wenye maduka makubwa barabara ya Guangyuan Xilu walikuwa bado wanauliza choo kiko wapi. Alijua kwamba boksi likiandikwa vitabu na majarida, forodha huku watalifungua waulize maswali, na forodha kule watalifungua wakadirie ushuru. Na alijua dawa yake, dawa ambayo kila mfanyabiashara wa kontena la kuchanga anaijua: andika kitu cha chini kuliko kilichomo. Simu mpya huandikwa vipuri. Hariri huandikwa vitambaa vya kufutia. Kitu kikidharauliwa, hakiguswi.

Basi alichukua kalamu nene, na juu ya boksi la Haroun, kwa Kichina cha masomo ya jioni, kila mstari mahali pake, akaandika herufi mbili: feizhi. Karatasi taka.

Alisimama akautazama mwandiko wake, akaridhika. Kisha akalipeleka boksi bohari, kwenye kontena walilochanga wafanyabiashara wengi wa mikoba ya kike na viatu, akarudi zake dukani.

Kontena liliondoka. Wiki zikapita. Ilham akawa anauliza, na Gharib akawa anajibu kwamba bahari ni ndefu. Mara moja Ilham alimtumia picha: Haroun amemwamuru fundi apigilie kirafu kando ya kitanda, mahali ambapo mkono wake unafika bila kujinyanyua. Kirafu kilikuwa kitupu.

Habari ililetwa na Kasmir, mwenye duka la jumla Kariakoo, ambaye sehemu ya mikoba ile ilikuwa yake. Alituma ujumbe wa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa na kicheko.

"Mzee wangu Gharib, salaam aleikum! Mikoba nimepokea, safi. Lakini mwaka huu mmetuletea mikoba na hadithi? Nimefungua mmoja nitoe karatasi ya kujazia, nakuta Kiswahili! Kuna nahodha humo anapigana na watu wasio na vivuli. Vijana hapa wamesoma mpaka wateja wamekasirika. Tukafungua wa pili, tukakuta kipande kingine, lakini hakiungani na cha kwanza. Mnafanya makusudi?"

Gharib aliusikiliza ujumbe ule akiwa amesimama. Kisha akaketi. Chausiku, mtoto wa dada yake ambaye ndiye hasa aliyeendesha duka lao la Dengfeng siku hizi, aliacha kuhesabu mashati.

"Mjomba, nani amekufa?"

Gharib alimwandikia Kasmir aikusanye kila karatasi. Jibu likaja haraka, sasa bila kicheko: mikoba mingi ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa jumla, imeondoka na watu wa Lubumbashi na wa Tunduma, na karatasi zilizotolewa dukani zilifagiliwa asubuhi. Amebakiwa na kurasa mbili. Moja imechanika. Je, azitume?

Gharib alivaa koti lake, akapanda basi mpaka Guangyuan Xilu. Mvua ndogo isiyo na mwisho ilikuwa ikinyesha, na wachukuzi walipita na mikokoteni yenye marobota wakipiga kelele za kutaka njia. Bohari lilikuwa nyuma ya jengo la jumla, na laoban wake, yaani bosi wake, alikuwa mama mfupi mwenye mabuti ya mpira, aliyemfahamu Gharib kwa miaka mingi.

"Boksi langu," Gharib alimwambia kwa Kichina. "Boksi langu mmelifanya nini?"

"Boksi gani?"

"La mwezi wa pili. Lililokuwa na karatasi."

Yule mama alifikiri, akakumbuka, uso ukamng'aa. "Ah! Lile! Lilitusaidia sana. Ilikuwa baada ya sikukuu yetu ya mwaka mpya wa Kichina, viwanda vya karatasi vimefungwa, mikoba inanywea, hatuna cha kujazia. Nikasema, kumbe mzee wa Tanzania ametuletea. Nilitaka kukushukuru, nikasahau."

"Yale hayakuwa taka."

"Uliandika feizhi."

"Hayakuwa taka!" Gharib alipaza sauti, na wafungaji mizigo wakageuka kumtazama.

Mama yule hakukasirika. Alitoa simu, akapekua picha, maana kila boksi linaloingia bohari hupigwa picha ili kusiwe na ugomvi. Akamwonyesha. Lilikuwa boksi la Haroun, na juu yake zile herufi mbili nyeusi, zimenyooka, hazina kosa hata moja.

"Wageni wengi hawawezi kuandika," alisema kwa moyo mweupe. "Wewe unaandika vizuri kuliko mwanangu."

Gharib alimrudishia simu. Aliuliza kama pamebaki chochote, japo jalada. Mama akatikisa kichwa. "Meiyou." Hakuna. Majalada yalikuwa magumu kidogo, yalifaa kwa mikoba mikubwa.

Jioni ile hakula. Chausiku alimwekea wali na mchuzi wa samaki, akauondoa, akaurudisha umepashwa moto, akauondoa tena. Mwishowe alivuta kiti.

"Mjomba, nikwambie kitu utakasirika?"

"Nitakasirika."

"Basi kasirika huku unasikiliza. Mwambie kontena limezama. Nani atakwenda kupiga mbizi? Meli zinazama kila siku, mizigo inaanguka baharini. Yule mzee anaumwa. Kuzama ni amri ya Mungu, atasema alhamdulillahi, atatulia. Lakini ukimwambia umeyaandika taka kwa mkono wako ukakwepa ushuru, atakufa na hilo."

"Nimeishi miaka sitini na tatu, sijapoteza amana ya mtu."

"Sasa umepoteza. Kilichobaki ni namna ya kusema."

Lilikuwa neno kali, na mtoto wa dada yake hakuwa na haki ya kulisema, lakini Chausiku hakulitafuna. Gharib alilala nalo. Kesho yake Ilham alituma ujumbe kwamba baba amepelekwa hospitali, amerudishwa, na madaktari wamesema akae nyumbani na watu wake. Kila akiamka anatazama kirafu.

Simu haikufaa. Haroun asingesikia, na Gharib hakutaka jambo lile lipite kinywani mwa Ilham. Aliandika barua. Aliandika vizuri, kama alivyofundishwa, akaacha nafasi pembezoni. Alieleza jinsi dhoruba ilivyoipiga meli, jinsi makontena ya juu yalivyokatika minyororo, jinsi nahodha alivyofanya kila aliloweza. Kadiri alivyoandika, ndivyo dhoruba ilivyokuwa nzuri. Alipomaliza alijua Haroun ataipenda, na hata hivyo aliikunja barua akaitia kwenye bahasha.

Aliyekuwa akisafiri siku hiyo ni Felisia, mwanamke wa Kyela, mwuza mikoba, ambaye angeshuka Dar kisha avuke Unguja kuwapelekea wateja wake wa Darajani. Alipita dukani mchana akiwa na sanduku lake la magurudumu na teksi inamsubiri nje.

"Shikamoo mzee Gharib."

"Marahaba, mama. Barua yangu ndiyo hii. Utampa binti yake, yeye atampa baba mkononi."

Felisia aliipokea, akaigeuza, akaona imefungwa kwa gundi. Akairudisha juu ya meza.

"Baba, unanijua. Mimi sibebi kitu kilichofungwa."

"Ni karatasi tu, Felisia."

"Hata mwenzangu Kissa aliambiwa ni dawa ya kikohozi tu. Yuko wapi sasa? Anakula uji wa gereza, na watoto wanalelewa na bibi. Huku kila anayebeba anafungua kwanza, anasoma, anapapasa, ndipo kinafungwa mbele yake. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha mwaka wangu wa kwanza. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Aliichana bahasha, akampa. Felisia alisimama akasoma polepole, midomo ikicheza. Chausiku alijifanya anapanga mashati. Felisia alipofika mwisho alirudi juu, akasoma tena mahali pamoja.

"Mzee. Kontena gani hili lililozama?"

Gharib aliinamia droo ya meza.

"La mwezi wa pili? Mzigo wangu ulikuwa humo. Mikoba yangu yote imefika Dar, haijaingia hata tone. Ndiyo hiyo hiyo ninayokwenda kuiuza Unguja."

"Ibebe tu, Felisia," Chausiku aliingilia. "Kuna mgonjwa hapo. Ni dawa."

"Sijakataa kubeba, dada. Mimi si padri." Felisia aliikunja barua, akaishika. "Ila mimi ndiye nitakayekaa kwenye kiti mbele yake. Atanitazama. Akiandika kwenye hicho kibao ulichonisimulia: je, na wewe ulipoteza? Nifanye nini? Nimwonyeshe mikoba?"

Teksi ilipiga honi nje. Gharib alimtazama mwanamke yule, mdogo kwake kwa miaka thelathini, akatamani kumwambia aondoke na barua ibaki. Alikuwa na njia hiyo. Angeweza kungoja msafiri mwingine asiyejua kontena lile. Angempata, hata kesho. Lakini mtu huyo naye angekaa kwenye kile kiti, na kirafu kitupu kingekuwa hapo kando yao wawili, na Haroun, aliyefasiri maneno yasiyokuwepo mbele ya ukumbi mzima na asione haya, angeutambua uongo wa mwanafunzi wake.

"Mwambie dereva asubiri," alimwambia Chausiku.

"Mjomba..."

"Nimesema asubiri."

Aliketi, akavuta karatasi nyingine. Mwandiko haukuwa wake. Hakuacha nafasi pembezoni.

Haroun, aliandika, kontena limefika salama. Majarida hayakufika. Niliyaandika karatasi taka juu ya boksi ili nikwepe ushuru na maswali, na watu wa bohari wakaniamini, wakayachana wakajazia mikoba ya wanawake. Yametawanyika Dar, Tunduma na Kongo, na mimi siwezi kuyakusanya. Kasmir wa Kariakoo amebaki na kurasa mbili, nimemwambia akuletee. Hakuna aliyeniibia. Ni akili yangu mwenyewe. Ulinipa amana na mimi nikaiita taka kwa mkono wangu, kwa herufi nzuri. Sikuombi unisamehe leo, maana najua unaumwa na hasira ni mzigo. Nimeona ni afadhali uyajue haya kutoka kwangu.

Alitaka kuongeza kitu juu ya Kikwajuni, juu ya mikeka na makofi, akaona hana haki ya kujipoza kwa mambo yale. Akatia jina lake.

Felisia alisoma hii nayo, maana desturi ni desturi. Safari hii midomo haikucheza. Alipomaliza hakusema pole wala hongera. Aliirudisha mezani, akasema, "Sasa ifunge, nakuona."

Gharib aliikunja mara tatu, akaitia kwenye bahasha nyingine. Aliilamba bahasha, ulimi ukakauka, akailamba tena. Unyevu wa Aprili ulikuwa umeila gundi, mdomo wa bahasha ukafunguka. Akachukua utepe wa maboksi, akaukata kwa jino la upande wa kulia, akaubandika kwa kidole gumba kutoka ncha hadi ncha. Kisha akampa.

Felisia aliitia kwenye mkoba wake wa begani, akavuta zipu, akaenda zake kwenye teksi.